Moshi mweusi mlimani, na tela nyuma

Gari letu likiwa tupu lilikuwa halina ubaya wowote. Linawaka mara moja, linatembea, halitoi moshi, na dashibodi haina taa hata moja ya kutia wasiwasi. Ugonjwa ulikuwemo ndani, ila ulingoja tufunge tela ndipo ujitokeze.

Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia safari ile huanza na swali hilohilo: "Kwani hukulikagua kabla ya kuondoka?" Nililikagua. Oili, maji ya rejeta, mikanda, breki, upepo wa matairi ya gari na ya tela, taa za tela, nati za magurudumu. Hata filta ya hewa niliitoa nikaitazama kwenye mwanga. Lakini yapo matatizo usiyoweza kuyaona gari likiwa limesimama na boneti iko wazi, kwa sababu hayo matatizo yenyewe hayapo mpaka injini ivute kwa nguvu. Ukizima, yanajificha. Ukiwasha bila mzigo, bado yamejificha.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye mwenye mzigo. Mzigo wenyewe ni trekta dogo la shamba, limefungwa kwa minyororo juu ya tela la ekseli mbili. Tela na trekta pamoja ni kama tani mbili na robo. Pikapu nayo, ukituweka sisi ndani pamoja na makorokoro ya shemeji ambayo aliapa kwamba ni "vitu vidogovidogo tu", ilikuwa inakaribia uzito huohuo. Kwa hiyo injini ya dizeli ya lita 2.8 ilikuwa inasogeza karibu tani nne na nusu. Kitabu cha gari kinaruhusu. Trekta tulilisogeza mbele kidogo mpaka mkono wa tela ukaubebesha mkia wa gari kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Ukiliweka nyuma sana, tela linaanza kuyumba kushoto kulia barabarani, na bora injini ikufie kuliko hilo likupate kwenye spidi.

Kwenye tambarare hatukuwa na neno. Mlima ndio ulitoa siri. Na haukuwa mlima wa kutisha, wa kona kali na makorongo. Ulikuwa ule wa taratibu usiokwisha, unaodhani umefika kileleni kumbe ni bega tu.

Katikati ya kupandisha, nguvu zikapotea. Injini haikuzima, haikukohoa. Mguu wangu ulikuwa palepale kwenye mafuta, lakini spidi ikaanza kuporomoka: 60, 50, 45. Giaboksi ya otomatiki ikashusha gia, ikashusha tena, injini ikalia kwa sauti kubwa na gari lisiongeze kitu. Nikakanyaga zaidi, na kwenye kioo cha pembeni nikaona wingu jeusi limelimeza trekta zima. Halafu ile taa ya injini ya rangi ya chungwa ikawaka, na tangu hapo hata ningekanyaga mpaka sakafuni, injini haikukubali kupita mizunguko elfu tatu hivi. Kompyuta ilikuwa imeamua kuilinda injini dhidi yangu.

"Simama, shemeji! Simama hapahapa!"

Sikusimama hapo. Nyuma yetu palikuwa na kona, pembeni hapakuwa na nafasi ya kutosha hata mtu kupita, na tela peke yake ni pana kuliko gari. Kusimama pale kungekuwa kuwapa malori yanayotoka nyuma mtego. Nilitazama vitu viwili tu: geji ya joto, iliyokuwa katikati kama kawaida, na taa ya oili, iliyokuwa imezimika. Mojawapo ikiharibika, yaani joto likiingia kwenye nyekundu au taa ya oili ikiwaka, hapo huna mjadala. Unasimama popote na unazima, maana dakika moja zaidi inaweza kuimaliza injini. Lakini kukosa nguvu peke yake hakukulazimishi kusimama mahali pabaya. Nikawasha hazadi, nikaipeleka gia ya pili kwa mkono, nikaachia mafuta mpaka moshi ukapungua, tukatambaa hivyo hadi mahali barabara ilipokuwa imepanuliwa na kukaribia kuwa sawa.

Kuachia mafuta si adabu tu kwa walio nyuma. Moshi mweusi kwenye dizeli ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha kuungua vizuri. Ukiendelea kukanyaga unaongeza mafuta huku hewa haiongezeki, na joto la gesi zinazotoka linapanda kuliko linavyotakiwa. Kinachoumia ni turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, na vichwa vya pistoni. Kwa hiyo mimi mguu wangu niliufuatisha moshi: ukionekana kwenye kioo, nalegeza.

Tuliposimama niliiacha injini ingurume dakika mbili kabla ya kuizima. Shemeji alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, gari bovu halafu unaliacha linawaka! Lakini ilikuwa imetoka kuvuta kwa nguvu, na mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Oili inayopita humo ndiyo inayoupoza. Ukizima ghafla, oili inabaki imesimama ndani ya chuma cha moto na kuungulia humo. Joto la maji lilikuwa sawa, oili ilikuwa na presha, sikuona sababu ya kuharakisha.

Wakati huo shemeji alikwishashuka na kabari. Hapo nampa haki yake: hakungoja kuambiwa. Kabari kwenye magurudumu ya tela, kabari kwenye magurudumu ya nyuma ya gari, kisha pembetatu za tahadhari, moja mbali nyuma kabla ya kona ili mtu aione akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Gari la otomatiki likiwa kwenye P, yaani gia ya kuegesha, linashikiliwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi. Ukikitegemea hicho peke yake kushika tani nne na nusu kwenye mwinuko, unakionea. Hendibreki kwanza, kabari, ndipo uachie breki ya mguu uzito ulalie kwenye hendibreki, kisha P.

Mabishano yakaanza boneti ilipofunguliwa.

Shemeji amekaa na matrekta maisha yake yote, na kwenye trekta likikosa nguvu mshukiwa wa kwanza ni filta ya dizeli. Isitoshe alikuwa nayo filta mpya kwenye makorokoro yake, na mtu mwenye dawa mkononi hutamani ugonjwa uwe huo. "Dizeli haifiki, shemeji. Tuliijaza pale ambapo hata sikupapenda. Tubadilishe filta tuondoke."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Filta ya dizeli iliyoziba inafanya karibu kila kitu tulichokiona: gari zuri kwenye tambarare, linakufa mlimani, kompyuta inakata nguvu. Tofauti ni moshi. Injini inayonyimwa dizeli haina cha kugeuza kuwa masizi. Inadhoofika kimyakimya na bomba la moshi linabaki safi au karibu safi. Sisi nyuma yetu tulikuwa tumeacha wingu. Dizeli ilikuwa inafika, tena kwa wingi. Kilichokosekana ni hewa.

"Moshi unatoka kwa sababu injini inapata taabu," akasema.

"Inapata taabu ya nini?"

Akanyamaza, akaanza kukagua koki ya filta kana kwamba hakunisikia.

Nina kile kidude kidogo cha kusomea kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi, kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Kilitoa kodi moja: P0299. Maana yake turbo inatoa presha pungufu kuliko ile kompyuta iliyoiomba. Kama dizeli ndiyo ingekuwa haifiki, ningetarajia kitu kama P0087, presha ndogo kwenye reli ya mafuta. Lakini watu huzitendea kodi hizi kama majibu ya hospitali, wanasoma P0299 na kwenda moja kwa moja kununua turbo. Kodi haisemi turbo imekufa. Inasema hewa iliyotarajiwa haikufika. Inaweza kuwa turbo, inaweza kuwa ile mashine ndogo inayoiongoza, au kipaipu chembamba cha upepo kilichochomoka, au sensa inayodanganya, au filta ya hewa iliyoziba, au popote pale kati ya turbo na injini ambapo hewa inavujia. Mtu aliye kando ya barabara huanza na kile anachoweza kukigusa kwa mkono bila kufungua kitu.

Kabla ya kugusa, shemeji alitoa pendekezo la pili: tufungue tela, tuliache pale, tukajaribu gari likiwa tupu. Nilikataa, kwa sababu mbili. Kwanza mahali penyewe. Tela likifunguliwa kwenye mwinuko, hata kidogo, limebaki na kabari zake tu, na lile la kwetu breki zake hufanya kazi likilisukuma gari kwa nyuma. Bila gari mbele, kilichobaki ni hendibreki ya tela ambayo sijawahi kuiamini moyoni. Pili, jaribio lenyewe lingetudanganya. Bila tela gari lingekwenda vizuri, tungeshangilia, tungelifunga tena, na mita mia tano mbele tungerudi palepale.

Ukipiga hesabu unaona kwa nini. Pikapu tupu kwenye tambarare kwa spidi 80 inahitaji pengine kilowati 15 hivi kushindana na upepo na msuguano wa matairi. Turbo pale hata haijaamka sawasawa. Sasa chukua tani nne na nusu, zipandishe mlima wa asilimia 6 kwa spidi 50: kuinua uzito huo peke yake, kabla hujahesabu upepo wala matairi, ni kama kilowati 37, karibu nguvu za farasi 50. Hapo turbo inasukuma hewa kwa presha inayozidi ya kawaida kwa bar moja na zaidi. Mpira uliochanika unaoshika vizuri bila presha, ukiupa bar moja kutoka ndani unafunguka. Ndiyo maana hata kupiga resi gari likiwa limesimama hakusaidii. Shemeji alipiga resi, mimi nimeinama na sikio kwenye injini, nikasikia injini tu. Bila mzigo kwenye magurudumu, turbo haijazi presha ya maana hata injini ilie vipi.

Kwa hiyo tuliacha injini ipoe, kisha nikaanza na vidole.

Kwenye gari hili hewa inatoka kwenye turbo, inashuka kwa mpira mnene mpaka intakula iliyo mbele ya rejeta, inapoa humo, kisha inapanda kwa mpira mwingine kuingia kwenye injini. Kila mpira umebanwa na klempu pande zote mbili. Klempu zote nne zilikuwa zimekaza. Mpira wa moto, ule wa turbo, ulikuwa mkavu na wenye vumbi la kawaida. Nilipofika kwenye mpira wa pili, upande wa chini ambao huuoni ukiwa umesimama mbele ya gari, vidole vikatoka vyeusi na vya utelezi. Pale tu. Kwingine vumbi kavu, pale vumbi limeshikwa na oili likawa tope. Oili kidogo ndani ya mipira hii ni kawaida, inatokana na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa. Lakini ikionekana kwa nje, hewa imeisukuma hadi huko.

Nikaangaza kwa tochi ya simu, sikuona kitu. Mpira ulionekana mzima. Nikaushika kwa mikono miwili na kuukunja kinyume na pinda lake, na mpasuko ukafunguka kama mdomo: urefu wa kidole gumba, kingo safi, ndani unaona nyuzi za kitambaa kinachoimarisha mpira. Nikauachia, ukajifunga, ukatoweka. Nikamwita shemeji aje aone, nikaufungua na kuufunga mbele yake.

"Na hii ilikuwepo siku zote?"

Ilikuwepo, au ilikuwa imeanza. Juu yake kulikuwa na kishikizo cha bati kinachobeba paipu ya kiyoyozi, chenye ukingo mkali, na mpira ulikuwa na alama ya kusuguliwa palepale. Injini inapovuta kwa nguvu hulala upande mmoja kwenye maunti zake, vile vishikizo vinavyoibeba, na mpira unalala nayo. Likiwa tupu, hata haugusi.

Sasa, kuufunga. Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wakizungushia seloteipu na kulaumu seloteipu.

Adui wa kwanza ni ile oili. Hakuna kitu kitakachoshika juu ya mpira wenye oili, na kuufuta kwa kitambaa chenye dizeli, kama mkono wa shemeji ulivyokuwa tayari kufanya, ni kupaka mafuta juu ya mafuta. Tulilegeza klempu, tukautoa mpira, tukauosha kwa sabuni na maji ya kunawia, tukaukausha, kisha tukaupangusa kwa kitakasa mikono kilichokuwa mlangoni mwa gari, kwa kuwa kina spiriti. Tukarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Utepe wa silikoni unaojishika wenyewe ungekuwa bora. Hatukuwa nao. Tulikuwa na tyubu kuukuu ya tairi, ambayo shemeji huitumia kufungia mizigo na ambayo mimi nilikuwa nimeicheka wakati wa kupakia. Tuliikata vipande virefu vya upana wa vidole vitatu. Unaanza mbali kabla ya mpasuko, unavuta kwa nguvu mpaka tyubu inyembamike, unazungusha, kila mzunguko unafunika nusu ya uliotangulia, unapita juu ya mpasuko na kwenda mbali upande wa pili, kisha unarudi. Mmoja anashikilia mpira ukiwa umekunjwa kama utakavyokaa kwenye gari, mwingine anazungusha, la sivyo ukiurudisha mahali pake kila kitu kinalegea upande wa ndani wa pinda.

Tyubu inaziba hewa, lakini ni laini. Ukiipa presha itavimba. Kwa hiyo juu yake tulizungusha kipande cha mkanda wa kufungia mzigo, ule wa kitambaa kigumu usiovutika, kisha tukabana kwa klempu mbili za bisibisi nje ya mpasuko na vifungo vya plastiki kati yake. Haikupendeza. Kile kishikizo cha bati tulikikunja kwa koleo mpaka kikaacha nafasi ya kidole.

Bahati yetu ilikuwa kwamba uliopasuka ni mpira wa baridi. Hewa inayotoka kwenye turbo, ukivuta kwa nguvu, inapita nyuzi joto 100 kwa urahisi, na kwenye mpira wa moto tyubu ingelainika na kufumuka mapema. Hapo nisingethubutu kuvuta tela. Ningeita gari la kuja kulichukua.

Tukafuta kodi, tukawasha, tukaondoa kabari mwishoni kabisa.

Shemeji alipewa kazi ya kushika simu na kusoma presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Kile kidude kinaionyesha kwa kilopaskali, hewa ya kawaida ikiwemo, na gari hili likiwa zima na likivuta kwa nguvu hupita 220 bila wasiwasi. Nilimwambia tusivuke 160. Basi huo mlima uliobaki niliupanda na sauti ya shemeji sikioni: "Mia na thelathini... arobaini na tano... mia na hamsini na nane, punguza, shemeji, punguza!" Spidi ilikuwa 30, mara 35. Malori yalitupita. Hazadi ziliendelea kuwaka. Kioo cha pembeni kilikuwa safi, trekta lilionekana lote, na hakuna kilichonifurahisha zaidi ya kuliona lile bati lake la nyuma.

Niliishika gia ya chini kwa mkono ili injini izunguke haraka kidogo badala ya kuilazimisha kuvuta kwa mizunguko michache. Pampu ya maji na feni huzunguka pamoja na injini; ukienda polepole kwa gia ya juu unaipa mzigo mkubwa na upepo mdogo. Kiyoyozi tulikizima. Watu husema pia uwashe hita mpaka mwisho ili itoe joto kwenye injini, na ni kweli inasaidia, lakini geji haikufika huko, na mimi na shemeji tayari tulikuwa tumebanana na jasho letu ndani ya kabini.

Mteremko wa upande wa pili niliuogopa kuliko mpando. Injini ya dizeli, kwa jinsi inavyopumua bila kuzibwa njia ya hewa, haina nguvu kubwa ya kujizuia ukiachia mafuta, kwa hiyo gia ya chini unaiingiza juu kabisa, kabla mteremko haujaanza kukusukuma. Breki nilizikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha naachia zipoe. Ukizishikilia kidogokidogo njia nzima, za tela nazo zinakaa zimekaza njia nzima, na ndipo unaposikia harufu.

Fundi tuliyemkuta mbele aliutazama ufundi wetu, akatabasamu, akautoa mpira, akaingiza kidole ndani. Kikatoka na oili. "Turbo imekufa hii," akasema, na akaanza kutueleza wapi inapatikana.

Nikamwomba atoe mpira wa kuingilia turbo tuutazame mhimili. Hilo ni jambo la dakika chache na mtu yeyote mwenye kidole anaweza kulifanya injini ikiwa imezimwa na imepoa. Unaushika mhimili kwenye nati ya katikati. Kuchezacheza kidogo pembeni ni kawaida, kwa kuwa unaelea kwenye oili. Ukicheza kuingia na kutoka, au mapanga yakigusa ukuta, hapo turbo imekwisha. Wetu haukucheza kuingia na kutoka, mapanga yalikuwa na kingo nzima. Tukaifungua na intakula kwa chini. Ilitoka oili ya kulowesha kitambaa, haikumwagika. Ingemwagika ningeogopa kweli, kwa sababu dizeli ikianza kunyonya oili iliyojaa humo inaweza kujiendesha kwa oili hiyo, ikapanda mizunguko yenyewe, na kuzima ufunguo kusiizuie. Nikamwambia fundi tunabadilisha mpira tu. Hakukasirika. Akaleta mpira, akapiga tupa ukingo wa kile kishikizo na kukivisha kipande cha mpira, akakaza klempu. Ule wa zamani niliuomba.

Tulipanda milima mingine baada ya hapo, na simu ikasoma 215, 220, bila taa kuwaka na bila moshi. Shemeji alikuwa ameshazoea kazi yake na aliendelea kusoma namba kwa sauti hata pale ambapo sikuwa nimemwuliza.

Filta ya dizeli pia ilibadilishwa, palepale kwa fundi. Shemeji hakukubali tuondoke bila hilo, na ilikuwa yake, kwa hiyo sikubishana. Ile ya zamani aliikata kwa msumeno, akaifunua karatasi yake yote juu ya meza ya fundi, akaigeuza huku na huku akitafuta uchafu. Ilikuwa safi.